Nimerudi Kimara baada ya miaka karibu 17, nikakuta kijana wa bodaboda anazijua dawa za mama yangu kuliko mimi

Msafiri wa Suka:
Wakuu habari za usiku, wakubwa shikamooni. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo nimeamua uende hivohivo ulivyo. Nipo barazani nyumbani kwetu Kimara Suka, ni saa tano usiku, bi mkubwa kalala na mimi usingizi hauji.

Niliondoka bongo Septemba 2008 nikiwa na miaka 24. Nimerudi mwezi huu wa sita 2025. Hapo katikati sijakanyaga hata mara moja, na naomba msinishambulie kwa hilo, makaratasi ya kule yalichelewa miaka mingi na ukitoka kabla hayajakaa sawa huingii tena, walioko nje mnanielewa. Mzee alifariki 2013 mi nikiwa hukohuko, mazishi yake niliyaona kwenye picha nilizotumiwa kwenye simu.

Siku naondoka nilipandia lile jengo la pili la abiria, ndugu zangu walisimama nje kwenye nguzo wananipungia. Safari hii tumeshukia jengo la tatu, lile lililofunguliwa 2019, kubwa kweli, lakini nilivyotoka nje nikajikuta naitafuta ile nguzo. Ikabidi nijiambie we, sio jengo lile hata.

Njia ya nyumbani ndo ilinichanganya. Tazara kuna daraja la juu. Ubungo pale kwenye mataa tulipokua tunakaa mpaka unasinzia unaamka gari liko palepale, barabara zimepandana ghorofa tatu na mataa sikuyaona. Nikaulizia mabasi ya mikoani, dereva akaniambia stendi ilishahamia Mbezi tangu 2021. Katikati ya barabara mwendokasi yanapita kwenye njia yake, na ukishavuka Kimara Mwisho barabara inatanuka njia nane mpaka Kibaha huko. Dereva mwenyewe kijana mdogo tu, nikamwambia utanishusha kwa Mangi. Akauliza Mangi yupi kaka. Nikatoa macho nje naitafuta ile safu ya maduka, hakuna duka, hakuna ule mwembe, ni lami tupu. Ile bomoabomoa ya 2017 ya kupisha barabara iliondoka na kila kitu pale mbele, nlikua naisikia kwenye simu tu. Basi kijana akafuata ramani kwenye simu yake, na simu ndo ikanielekeza kwetu.

Getini bi mkubwa kasimama na pembeni yake kijana ana pikipiki, kama miaka 26 hivi. Kapokea mabegi yote mawili, kayaingiza ndani, kanipa shikamoo kaka, kaondoka. Nikajua mtoto wa jirani.

Usiku mama akawa anatafuta dawa zake. Ana presha na sukari, hilo nlikua nalijua. Nikachukua kile kikopo chake nimsaidie, akaniambia subiri kwanza, ngoja nimpigie Dogo, yeye ndo anajua ipi ya usiku. (Nitamwita Dogo humu, jina lake siwezi kuliweka.) Akapiga, akaweka sauti ya nje, na Dogo akamwambia mama ile nyeupe ndogo moja, ile kubwa umeze baada ya kula sio kabla, umekula? Mama akajibu nimekula mwanangu. Mi nimekaa palepale na kikopo mkononi.

Jumanne ilikua kliniki. Saa kumi na mbili asubuhi Dogo yuko getini, na kadi ya kliniki ya mama inatoka mfukoni kwenye jaketi lake yeye, kumbe anakaa nayo ili isipotee. Mi nikapanda pikipiki nyingine nyuma yao. Tukafika, nesi akamuuliza mama, mwanao leo hajaja? Mama akanyoosha kidole dirishani, Dogo yuko nje anaegesha. Alaf nesi akanigeukia mimi akaniuliza, na wewe ni nani yake?

Wakuu nilijibu mimi ni mwanae. Akaangalia kadi, pale kwa ndugu wa karibu imeandikwa namba ya Dogo.

Miaka yote hii mi nimekua natuma. Mwanzoni ilikua kazi, mama anatoka Kimara anaenda mjini kupanga foleni apokee. Saivi inaingia moja kwa moja kwenye simu yake, natuma na ya kutolea, anatoka hatua hamsini kwa wakala pale chini ya mwavuli. Nlikua nasema moyoni mama yangu namtunza. Nimekuja kugundua mi nilikua nalipa, na anayetunza ni mwingine. Namshukuru huyu kijana kutoka moyoni, na hapohapo kuna kitu kinaniuma ambacho sijui nikiiteje, nadhani ni wivu. Nataka nimpe kitu ila naogopa nisije nikamlipa kama kibarua. Mngekua nyie mngefanyaje?

Konda Mstaafu:
Pole sana mdogo wangu na karibu nyumbani. Kwa Mangi pale Suka umenikumbusha mbali. Mi nilikua konda njia ya Kimara Kariakoo, pale nilikua nashusha watu kila siku ya Mungu. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016 daladala zetu zikatolewa barabara ile, nikahamia Mbagala, nako sikukaa. Nakwambia hivi ujue kwamba hata sisi ambao hatukuondoka tulipotezwa hapohapo tuliposimama. Nilipita Ubungo juzi na mjukuu wangu namuonesha hapa ndo palikua na stendi kubwa nchi nzima, mabasi ya Mwanza, Arusha, Mbeya, yote yanatokea hapa, mtoto ananiangalia tu.

Kuhusu huyo kijana, usimpe pesa mkononi haraka. Kaa nae kwanza. Kunywa nae chai.

binti_korogwe:
Kaka karibu, mi ni jirani yako wa Kimara Korogwe. Nakusoma na nakuonea huruma lakini kuna sehemu naomba nikuambie kama dada. Wewe madaraja umeyakuta yameisha. Sisi tuliishi kwenye vumbi lake miaka, tukaona majirani wanatoa mabati wenyewe usiku kabla tingatinga halijafika. Na huko ndani ya hiyo miaka wazazi wetu walihitaji mtu wa kuwashika mkono kwa kila kitu kipya kilichokua kinakuja.

Nakupa mfano mmoja. Usajili wa laini kwa alama za vidole, mwisho ulikua Januari 2020. Mama yangu vidole vimelika kwa kufua na jembe, mashine haisomi. Tulirudi mara nne. Anapakwa mafuta, anafutwa, anabonyeza, haisomi. Bila ile laini hela ya kaka yangu aliyeko nje ingeingilia wapi? Kwaiyo muulize bi mkubwa nani alimpeleka kusajili laini. Mi nahisi najua jibu.

Msafiri wa Suka:
Dada binti_korogwe nimemuuliza asubuhi hii akiwa anachambua mchele. Ni Dogo. Walienda siku tatu tofauti na namba ya kitambulisho pia yeye ndo alimfuatilia. Yani kila hela niliyotuma kuanzia hapo imepita kwenye mlango ambao aliufungua huyu kijana, na mi sikuwahi hata kuuliza.

Konda nakushukuru mzee wangu. Nitakaa nae.

Mtu Baki:
Mi nitasema ambacho wengine wanaogopa. Mzee hayupo, watoto wako mbali, nyumba iko karibu na barabara ya njia nane, kiwanja cha pale saivi ni hela ndefu. Kijana anakaa na kadi ya mama, namba yake ndo ya ndugu wa karibu, anajua hela inaingia lini. Sisemi ni mbaya, simjui. Nasema hakikisha hati ya nyumba iko wapi kabla hujaondoka. Yametokea kwetu, nyumba ya mjomba wangu iliuzwa na mtu aliyekua anamletea maji.

Ngosha wa Dom:
Mtu Baki pole kwa ya mjomba, lakini huyu kijana zaidi ya miaka mitano anaamka saa kumi na moja kumpeleka mama wa mtu hospitali. Tapeli hana subira hiyo.

Mleta mada, ndugu wengine hawapo? Umesema ulikua na ndugu wanakupungia mkono. Na huko unafanya kazi gani kama si siri?

Msafiri wa Suka:
Mtu Baki sijakasirika, umesema kwa nia njema. Hati iko kwa dada yangu, na mama akili yake iko sawa kabisa, tatizo lake ni macho na magoti.

Ngosha, dada yupo Dodoma. Ni mtumishi, serikali ilipohamia huko akahamishwa na wizara yake 2017. Mdogo wetu yuko Mtwara. Kwaiyo hapa Dar mama kabaki peke yake, na sababu ya mimi kuondoka ni tofauti na yao lakini kwake yeye nyumba ni ileile tupu.

Kazi yangu, sio siri. Nipo Birmingham, nafanya kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawapa dawa na naandika kila mmoja kameza nini na saa ngapi. Nina wazee 14 kwenye upande wangu na dawa zao nazijua kwa kichwa. Siku ile nilivyoshika kikopo cha mama majina yote mle ndani nilikua nayajua, amlodipine, metformin, nawapa watu kila siku asubuhi. Nilikua sijui tu kwamba na yeye anameza hizo.

binti_korogwe:
Mungu wangu.

Kipepeo wa Oslo:
Kaka yangu nimesoma hiyo ya mwisho nikaweka simu chini. Mi niliondoka 2005, nilirudi mara ya kwanza 2022, Tanga. Kwetu sio bodaboda, ni binti wa kazi, alikuja ana miaka 18. Nilimkuta mama anamwita kwa jina langu. Sio kwamba alisahau, alizoea tu ulimi wake kuita jina hilo ndani ya nyumba ile. Siku ya kwanza nililia chooni. Siku ya tatu nikamuomba yule binti anifundishe mama anapenda chai yake saivi vipi, maana nilimuwekea sukari kama zamani na kumbe aliacha. Nakushauri na wewe uombe kufundishwa. Sisi tukirudi tunakuja na mabegi ya kugawa, tunasahau kuuliza.

Ngosha wa Dom:
Kama dada yuko huku panda treni ya umeme ukamuone, mambo ya mama hayaongelewi kwenye simu. Kutoka Dar mpaka Dodoma daraja la kawaida ni elfu 31, beba kitambulisho na uwahi stesheni maana haikusubiri.

Msafiri wa Suka:
Wakuu nimerudi, nilikua Dodoma siku mbili.

Ngosha asante sana kaka. Ile treni ilianza kwenda Dodoma mwezi wa saba mwaka jana na mi nimeipanda kama mtoto, uso kwenye kioo njia nzima. Zamani basi la Dodoma unatoka Ubungo asubuhi unafika jioni umevimba miguu, safari hii nimetoka Dar nimekunywa chai nimefika kwa dada chakula cha mchana hakijaiva. Mji wenyewe sijauelewa, niliuacha mji wa watu kushuka kuchimba dawa na kununua zabibu, nimeukuta wizara na maghorofa. Niliomba dukani rambo la kubebea matunda, muuzaji mdogo mdogo akashtuka kama nimeomba bangi, dada ndo akanikumbusha rambo zilipigwa marufuku toka Juni 2019. Akanitolea mfuko wake kwenye pochi.

Sasa mazungumzo yenyewe. Dada anamjua Dogo vizuri na hakuniambia kwa makusudi. Kasema ningekwambia nini, kwamba kuna mtu anafanya kazi yetu? Yeye mwenyewe anamuona mama mara mbili kwa mwaka, mara tatu ikizidi. Alishamuomba mama ahamie Dodoma, chumba alishamuandalia, kitanda kipo mpaka leo nimekilalia mimi. Mama alikataa. Kamwambia kaburi la baba yenu liko huku, kliniki yangu iko huku, na yule mtoto nikimuacha atabaki na nani.

Hiyo ya mwisho dada aliipita haraka, mi nikamrudisha. Atabaki na nani maana yake nini? Dada akasema kamuulize mwenyewe.

Konda Mstaafu:
Kamuulize. Na usiende nae baa, nenda nae kijiweni kwake, mtu anaongea vizuri akiwa kwao.

Msafiri wa Suka:
Nimeenda jana, kijiweni kwake, tumekaa kwenye benchi la mbao kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi, wateja aliwaachia wenzake.

Alianza kumbeba mama mwishoni mwa 2019, abiria kama abiria wengine. Siku moja mvua kubwa, mama akamwambia usirudi barabarani na mvua hii, ingia ndani. Akampa chai, akampa shati la marehemu mzee abadilishe. Basi. Akawa akipita anasalimia.

2021 mama yake mzazi akafariki, kijijini huko Handeni. Hakua na nauli ya kutosha, baba hakuwahi kumjua. Mama yangu alimpa nauli, alaf na yeye mwenyewe akapanda basi na magoti yale yale, akaenda kukaa msibani siku tatu kwa watu asiowajua. Anasema siku ya kuzika waliuliza upande wa mama nani anasema neno, kukawa kimya, mama yangu akasimama.

Mi hiyo safari sikuwahi kuisikia. Nilikua napiga Jumapili, naongea dakika ishirini, namuuliza hela imefika, ananijibu imefika mwanangu, Mungu akubariki, vipi baridi huko.

Nikamwambia Dogo, pikipiki yako ya mkataba imebaki kiasi gani, mi nataka niimalizie, uache kupeleka hesabu kwa bosi kila jioni. Alitabasamu tu. Akasema kaka nashukuru ila usiniharibie. Ukinilipa nitakua nimeajiriwa, na mi pale naenda nyumbani. Nikamwambia basi niambie unataka nini. Akafikiria mpaka nikadhani hatajibu. Akasema, kaka, usipige Jumapili. Jumapili anatoka kanisani na wenzake, yuko sawa. Piga Jumanne jioni, akitoka kliniki anakua kachoka, anakaa na simu pale barazani ananiuliza huko kwao saa hizi ni saa ngapi.

Kipepeo wa Oslo:
Kaka. Sina la kuandika.

Mtu Baki:
Niombee radhi kwa kijana. Nilimpima kwa mtu mwingine.

binti_korogwe:
Na mama mwenyewe umemwambia umeyajua haya? Usiondoke na hilo kifuani.

Msafiri wa Suka:
Dada nimemwambia jana usiku. Kabla ya hapo nilimpa kitu. Siku naondoka 2008 alinisukumia mkononi noti ya elfu kumi, akasema ukikwama. Sikuwahi kuitumia, kule haitumiki, nikaiweka kwenye pochi na imepita pochi nne. Nilitaka nimrudishie acheke. Dogo alikuwepo, akaiangalia akasema kaka noti hizi za zamani zilishaondolewa, muda wa kubadilisha benki uliisha tarehe 5 mwezi wa nne mwaka huu. Nilichelewa miezi miwili. Mama akaichukua akainyoosha kwenye goti akaiweka ndani ya Biblia yake, akasema hii haikuwa ya kutumia.

Ndo hapo nikamuuliza, mama mbona Handeni hukuniambia. Akasema ungetuma hela.

Wakuu nimekaa na hilo jibu mpaka saa hizi. Hakulisema kwa ubaya, alikua anakunja kanga yake. Nimemuomba msamaha, akaniambia nyamaza, wewe ulienda kutafuta. Alaf akaniomba nimkatie kucha za miguu, maana hazifikii na anaona aibu kumwambia Dogo. Nimemkatia zote kumi taratibu, kama ninavyowakatia wazee wa watu. Nilikua najua kuifanya vizuri.

Kesho kutwa naondoka. Dogo ndo atanipeleka mpaka barabarani na mabegi.

Konda Mstaafu:
Safari njema mwanangu. Usikae tena miaka 17.

Ngosha wa Dom:
Mkuu ukifika tupe taarifa za bi mkubwa.

Msafiri wa Suka:
Nimefika salama wakuu, nimeshaanza zamu. Tikiti ya Desemba mwakani nimeanza kuilipia kidogokidogo, na kliniki nimeomba wabakize namba ya Dogo palepale juu, yangu wameiandika chini yake.

Leo ni Jumanne. Dogo kanitumia ujumbe saa saba mchana saa za kwetu, presha 142 kwa 84, daktari kasema aendelee na zilezile, kala ndizi moja, kanuna kidogo kwa sababu foleni ilikua ndefu. Saa kumi na mbili jioni za nyumbani nikapiga. Simu haikuita hata mara mbili.